Kipande Kikubwa cha Kitambaa Kilekile

Fomati ya kati ni jina la ukubwa. Katika zama za filamu lilihusu kamera zilizotumia filamu namba 120, iliyoletwa na Kodak mwaka 1901, yenye upana wa sentimita 6 hivi. Juu ya utepe huo fremu ilikatwa kwa vipimo mbalimbali: sentimita 6 kwa 4.5, 6 kwa 6, 6 kwa 7, hata 6 kwa 9. Iliitwa ya kati kwa sababu ilikaa baina ya mbili: upande mmoja filamu bapa za kamera kubwa za studio, zilizotiwa moja moja nyuma ya kamera, na upande wa pili filamu ndogo ya milimita 35, ambayo Leica iliipa umaarufu kuanzia mwaka 1925 kwa fremu ya milimita 24 kwa 36.

Faida ya ukubwa huo ilikuwa rahisi kueleza. Filamu ni ileile na chembe zake ni zilezile, ila kipande kikubwa hukuzwa mara chache zaidi kabla ya kufikia ukubwa wa picha ya ukutani, kwa hiyo chembe hubaki ndogo na mistari hubaki safi. Tarehe 7 Desemba 1972 wanaanga wa Apollo 17, wakiwa umbali wa kilomita 29,000 hivi, waliielekeza kamera ya Hasselblad duniani. Ilibeba filamu ya milimita 70, na kila fremu ilikuwa mraba wa milimita 55 hivi. Katika mraba huo Afrika ilienea, na pwani yake ya mashariki, Madagaska na Rasi ya Arabuni vikasomeka kama ramani. Eneo la fremu hiyo lilikuwa mara 3.5 ya fremu ya milimita 35. Mpiga picha aliyehama kutoka ndogo kwenda kubwa enzi hizo alivuka pengo pana, na tofauti ilionekana hata na mtu asiyejua kamera ni nini.

Fomati ya kati ya dijitali imerithi jina, ila haikurithi ukubwa wote. Kamera nyingi zinazouzwa leo chini ya jina hilo zina kihisi, yaani bamba linalopokea mwanga mahali pa filamu, chenye milimita 43.8 kwa 32.9. Hata fremu ndogo kuliko zote za filamu ya 120 ilikipita, kwa kuwa ilikuwa na milimita 56 kwa 41.5. Kihisi cha kamera za fremu kamili, zile zilizofuata kipimo cha milimita 24 kwa 36, kina eneo la milimita za mraba 864. Cha fomati ya kati kina 1,441. Uwiano ni 1.67. Pengo lililokuwa mara tatu na nusu sasa halifiki mara mbili.

Mwaka 2019 uliziweka aina hizo mbili bega kwa bega. Fujifilm ilitoa GFX 100, yenye megapikseli 102, na Sony ikatoa α7R IV ya fremu kamili, yenye megapikseli 61. Ukigawa upana wa kila kihisi kwa idadi ya pikseli zilizo kwenye upana huo, jibu ni lilelile: kila pikseli ina upana wa maikromita 3.76. Ni kama vipande viwili vilivyokatwa kwenye jora moja. Uzi ni uleule na ufumaji ni uleule. Kimoja kimekatwa kikubwa zaidi. Anayefikiria kuhama basi hafikirii kitambaa bora. Anafikiria kama nguo anazoshona zinahitaji kipande kikubwa hivyo.

Kabla ya kufika huko, kuna habari ya kioo. Katika kamera za zamani za lenzi moja, kioo kilichokaa nyuma ya lenzi kilimwonyesha mpiga picha kile lenzi ilichokiona, kisha kikanyanyuka kwa kishindo shata ilipofunguka. Fremu ikiwa kubwa, kioo nacho huwa kikubwa, na kishindo chake hutikisa picha. Sanduku la kukihifadhi lilizifanya kamera kama Mamiya RB67 ya mwaka 1970, pamoja na lenzi yake, zipite kilo 2, na lenzi ikalazimika kukaa mbali na filamu. Kioo kilipoondolewa, umbali huo ulifupika. Kwenye mfumo wa GFX lenzi hukaa milimita 26.7 tu kutoka kwenye kihisi, na nafasi iliyobaki huwezesha lenzi nyingi za kale kufungwa kwa pete ya kuunganishia.

Juni 2016 Hasselblad ilitangaza X1D, kamera ya kwanza ya dijitali ya fomati ya kati isiyo na kioo, yenye gramu 725 na bei ya dola 8,995 bila lenzi. Miezi mitatu baadaye Fujifilm ikatangaza GFX 50S, iliyofika madukani mwanzoni mwa 2017. GFX 100 ilianza kwa dola 9,999 mwaka 2019. GFX 100S II, yenye idadi ileile ya pikseli ndani ya mwili mdogo zaidi, ilianza kwa dola 4,999 mwaka 2024. Katika miaka mitano bei ya megapikseli 100 ilishuka kwa nusu. Ndiyo maana swali lililokuwa la wachache wenye studio kubwa limewafikia wapiga picha wa kawaida wanaoishi kwa kazi zao.

Jambo la kwanza la kupima ni mwanga. Kihisi chenye eneo la mara 1.67 hupokea mwanga wa mara 1.67 kwa mpangilio uleule wa kamera, na chembechembe zinazochafua vivuli hupungua kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano. Ukitaka kuona maana yake, chukua harusi ya pwani saa saba mchana. Bwana harusi amesimama juani na kanzu nyeupe. Shangazi zake wameketi kivulini barazani na mabuibui meusi. Kipimo kikifuata kanzu, ili nakshi ya uzi shingoni isipotee katika weupe, basi baraza lote huingia gizani, na nyuso zilizo pale huja nyeusi tii. Nyuso hizo zitanyanyuliwa baadaye kwenye kompyuta, na hapo ndipo chembechembe hujitokeza: ngozi huonekana kama imenyunyiziwa mchanga, na mikunjo ya buibui huyeyuka. Kihisi kikubwa huchelewesha kasoro hiyo. Lakini kuichelewesha siyo kuiondoa. Picha mbili zikiwekwa sambamba, mtazamaji makini atatambua ipi ni ipi. Akipewa moja peke yake, itamwia vigumu.

Jambo la pili ni ule ukungu laini wa nyuma ya uso, ambao wengi huuhesabu kuwa alama ya fomati ya kati. Hapa sifa imezidi hesabu. Lenzi ya GF, ya kamera za GFX, yenye milimita 110 na tundu la f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa), mojawapo ya lenzi zinazosifiwa zaidi kwa picha za watu, hutoa pembe na ukungu sawa na lenzi ya milimita 87 yenye f/1.6 kwenye fremu kamili. Lakini fremu kamili ina lenzi za milimita 85 zenye f/1.2, ambazo hufuta mandhari ya nyuma zaidi ya hapo. Anayehama kwa kutafuta ukungu huenda akalipa zaidi na kupata pungufu.

Kinyume chake, kazi inayotaka kila kitu kionekane kikali ina mtego wake. Mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe ukipigwa kwa upande, ili mwimo wa karibu na wa mbali yote isomeke, utahitaji tundu la f/8 kwenye fremu kamili. Kwenye fomati ya kati utahitaji f/10 kupata kina kilekile. Tundu dogo hupunguza mwanga, na kasi ya shata ikibaki ileile, ziada iliyoletwa na ukubwa wa kihisi hutoweka yote. Tena kila tundu linapobanwa mwanga hupinda na kutawanyika: kwenye f/11 nukta moja ya mwanga huwa duara la maikromita 15 hivi, yaani pikseli 4, na kwenye f/16 huwa karibu 6. Ziada hurudi pale tu kamera inapofungwa kwenye stendi na shata kuachwa wazi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo stendi ya miguu mitatu, ambayo wengi huiona nyongeza, ni sehemu ya mfumo huu sawa na lenzi.

Jambo la tatu ni idadi ya pikseli, na hapa fomati ya kati ina hoja yake yenye nguvu zaidi. Mfano unaoionyesha vizuri ni kunakili hati za kale. Pwani ya Waswahili ina hati nyingi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na zile za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimepigwa picha za dijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Katika mwandiko huo nukta moja hutenganisha herufi na herufi: umbo lilelile likiwa na nukta moja chini ni ba, likiwa na mbili juu ni ta, likiwa na tatu ni tha. Chukua ukurasa wenye urefu wa sentimita 29.7, na nukta yenye upana wa nusu milimita. Kamera ya megapikseli 24, yenye pikseli 6,000 kwa urefu, huipa nukta hiyo pikseli 10. Kamera ya megapikseli 102, yenye pikseli 11,648, huipa 20 hivi.

Pikseli 10 zinatosha kabisa kusoma nukta. Lakini hazitoshi kuonyesha kama nukta hiyo iliandikwa kwa kalamu ileile au iliongezwa na mkono mwingine, kama wino umepasuka, au kama ule weusi ni tundu la mdudu. Pikseli 20 hukaribia kujibu maswali hayo. Zaidi ya hapo, umbo la fomati ya kati, 4 kwa 3, linakaa vizuri juu ya ukurasa.  Kwa kazi ya namna hii kipande kikubwa hutumika karibu chote.

Hata hivyo mshindani hayuko mbali. Kamera kadhaa za fremu kamili husogeza kihisi chake kidogo kidogo, zikapiga picha kadhaa za kitu kilichotulia, kisha programu ikaziunganisha kuwa moja yenye undani mwingi zaidi. Ukurasa uliolala mezani hauendi popote. Kinachoamua ni wingi: mwenye hati za kurasa 40 anaweza kusubiri picha 16 kwa kila ukurasa, mwenye kurasa 40,000 hawezi.

Baada ya kupigwa, picha hutazamwa, na mtazamo una mipaka yake. Jicho lenye afya hutenganisha alama mbili zilizoachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa mita moja, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.29. Picha yenye upana wa mita moja, ikitazamwa kutoka mita moja, inahitaji pikseli 3,400 hivi kwa upana wake, na kamera ya megapikseli 24 inatosha na kubakiza. Mtazamaji akisogea hadi sentimita 30, hitaji linapanda kufika pikseli 11,500 hivi. Idadi hiyo inakaribia kulingana na pikseli 11,648 za megapikseli 102. Kwa maneno mengine, kamera hizi zinaitosha kwa kipimo picha ya mita moja inayotazamwa na mtu aliyeinama hadi pua inakaribia karatasi. Watu wa namna hiyo wapo: wahifadhi wa makumbusho, wanunuzi wa sanaa, wapiga picha wenyewe. Skrini ya kisasa yenye pikseli 3,840 kwa 2,160 huonyesha megapikseli 8.3 tu, na picha inayotumwa kwa WhatsApp hubanwa kabla ya kumfikia mpokeaji. Kazi inayoishia kwenye simu humwaga sehemu kubwa ya pikseli zake njiani.

Jambo la nne ni mwendo. Kihisi kikubwa chenye pikseli nyingi huchukua muda kusomwa mstari kwa mstari, na shata ya kielektroniki ikitumika, kitu kinachopita mbio huonekana kimelala upande. GFX 100S, iliyoitangulia GFX 100S II, hupiga fremu 5 kwa sekunde. Kamera za fremu kamili za kasi hupiga 30 na zaidi. Mpira wa miguu, ngoma na watoto wanaokimbia si uwanja wa fomati ya kati. Kwa upande mwingine, mifumo miwili mikuu inatofautiana katika flashi. Lenzi za X1D zina shata ndani yake, na flashi huenda sambamba nayo hadi sehemu moja ya 2,000 ya sekunde. Shata ya pazia ya GFX, ikienda sambamba na flashi, huishia sehemu moja ya 125. Kwa anayepiga picha za watu ufukweni katika jua kali, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya pikseli, kwa kuwa shata ya haraka hulipunguza jua na kuiachia flashi kazi ya kuangaza uso.

Kisha kuna yale yasiyotajwa kwenye tangazo. Faili ghafi moja ya megapikseli 102 ikihifadhiwa kwa biti 16 bila kubanwa hufika megabaiti 204, na picha 1,000 hujaza gigabaiti 204. Kubana bila kupoteza kitu hupunguza mzigo, lakini nakala za akiba huurudisha. Kompyuta iliyofungua faili za zamani kwa raha huanza kuhema. Lenzi ya milimita 110 iliyotajwa juu ina gramu 1,010, na mwili wa GFX 100S gramu 900. Shingo hubeba karibu kilo 2 kabla ya betri ya pili. Pwani, unyevunyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, na lenzi kila moja ikiwa na bei ya pikipiki, sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kukausha huacha kuwa anasa. Fundi aliyezoea vifaa hivi hapatikani kila mji, na kamera moja ikiharibika siku ya kazi, ya akiba huenda ikawa ya mfumo mwingine wenye lenzi zisizoingiliana.

Wapo wanaohama na kukiri kwamba picha zao zimekuwa bora, na mara nyingi wanasema kweli. Sababu yake hukaa mahali pawili. Sehemu moja ni kihisi. Sehemu nyingine ni mwenendo ambao kamera hiyo huudai: stendi hutolewa kwenye mfuko, kingo za fremu hukaguliwa, mwanga husubiriwa, na picha 30 hupigwa mahali ambapo zamani zilipigwa 300. Mwenendo huo haununuliwi pamoja na mwili wa kamera. Unaweza kufuatwa na kamera iliyopo, kwa bei ya stendi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na wengi wanaotumia jioni nzima kulinganisha vihisi wanastahili kusomewa methali hiyo. Lakini mkulima wa bonde la mpunga na mkulima wa kichanga cha mihogo hawalimi kwa jembe moja, na kulijua shamba lako ni sehemu ya ukulima.

Mizani basi huanzia kwenye kazi iliyokwisha kufanyika. Picha kubwa kuliko zote iliyouzwa mwaka uliopita ilikuwa na upana gani, na mtazamaji alisimama umbali gani? Je, vilivyopigwa vilitulia au vilikimbia? Ni mara ngapi vivuli vilinyanyuliwa hadi vikaharibika? Majibu yakielekea fomati ya kati, hatua inayofuata ni kukodi mfumo kwa siku mbili, kuipiga kazi ileile kwa kamera zote mbili, na kuzichapa picha kwa ukubwa unaouzwa, maana ulinganisho wa kwenye skrini kwa asilimia 100 huonyesha tofauti ambayo mteja hataiona. Baada ya hapo hujumlishwa mwili wa kamera, lenzi mbili, nafasi ya kuhifadhi faili na kompyuta ikibidi, na kutolewa bei ambayo vifaa vya zamani vitauzwa.

Kwa anayenakili hati na michoro kwa wingi, anayepiga majengo kwenye stendi, au anayechapa picha za mita moja za kuning'inizwa mahali pa kukaribiwa, hesabu hiyo mara nyingi hukubali. Kwa mpiga picha wa harusi, habari na michezo, ambaye picha zake zitafunguliwa kwenye simu kabla ya jua kuchwa, mara nyingi hukataa. Huyo atafaidika zaidi na lenzi nzuri ya fremu kamili, taa moja na stendi. Fundi cherehani hupima mwili kwanza, ndipo hutaja urefu wa kitambaa cha kununua.